Kibao cha Melmerby

Marehemu Wilfred Teasdale alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 kijijini Garrigill, akasoma hapa Alston hadi alipotimiza miaka kumi na mitano, na mwezi Novemba 1957 akaajiriwa katika kikosi cha matengenezo cha barabara ya A686, ile inayotoka Penrith, ikavuka mto Eden pale Langwathby, ikapita Melmerby, ikapanda mlima wa Hartside kona baada ya kona, ikateremka kwetu, kisha ikashika bonde hadi karibu na Haydon Bridge.

Kwa miaka arobaini na minne alizibua mitaro, akafukuza kondoo waliolala katikati ya lami, akamwaga chumvi huku Helm, ule upepo mkali wa milima yetu, ukimpokonya kofia, na kila dereva aliyepishana naye alimwinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu ambayo siku hizi, jamani, wachache tu wanaijibu.

Tarehe 4 Juni 1966 alimwoa Doreen Bainbridge, wakajaliwa watoto wawili, Gordon na Heather.

Jumanne ya tarehe 15 Februari 1994, Doreen akiwa mahututi nyumbani, marehemu alisafisha theluji ya Hartside hadi saa saba mchana, akakimbia kwa mkewe, akasahau kukigeuza kibao cha Melmerby, pale chini ya mlima, ambacho upande mmoja kilisema barabara imefungwa na upande wa pili iko wazi. Sisi wa Alston tungepita bila hata kukitazama, maana kibao hicho kilikuwa kikisahaulika hivyo hata theluji ikiyeyuka, lakini Mavis, dada yake Doreen, alikuwa mgeni wa barabara hii, akitoka Kendal kumwona mgonjwa, akakitii, akazunguka njia ndefu ya kupitia Brampton, akafika saa moja baada ya dada yake kukata roho. Alisema mlangoni, "Kibao chako kilisema imefungwa, shemeji, nami nikakiamini," na kwa miaka ishirini na miwili hakumsemesha tena.

Jambo hilo lilimuuma marehemu hadi mwisho. Hata baada ya kustaafu mwaka 2001, kila theluji ilipoondolewa aliendesha gari hadi Melmerby kuhakikisha, na vijana wa kikosi aliwaambia, "Geuza kibao kwanza, chai utaikuta!"

Aliugua mapafu tangu 2013, na alifariki hospitalini Penrith tarehe 2 Februari 2016, akiwa na miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani kwa pai na makaa ya mawe, na wenzake wa kikosi waliosafisha njia alfajiri ya leo, ingawa, tusifichane, kibao wamekisahau.

Tulipokuwa tukimleta kutoka Penrith, magari yote ya Alston yalikipita kama kawaida, isipokuwa moja lililosimama. Mavis, mwenye miaka themanini na mmoja, aliteremka na fimbo yake, akakigeuza kwa mikono yake mwenyewe, akasema, "Iko wazi, shemeji. Pita."

Basi pita, Wilf, ukapumzike.