Mwalimu Kipumuo

Wazazi, ndugu, walimu na majirani mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, yule fundi wa kuchomelea mageti, na ndiye niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, jambo ambalo bila shaka limewashangaza wanaonifahamu, kwa sababu nina kigugumizi tangu utotoni, kwa hiyo nikikwama niacheni nikwame, tafadhali mtu asinimalizie neno.

Dada yangu alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa baba fundi cherehani na mama mfungaji wa sabuni katika kiwanda hichohicho, nami nikafuata miaka mitano baadaye, tukabaki hivyo wawili. Alianza shule ya msingi Januari 1976, na tangu hapo alikuwa mtu wa wasiwasi, akifika shuleni kabla mlinzi hajafungua geti, akirudi njiani kutazama mlango ambao alikwisha kuufunga, na mama alipomwambia apunguze, alijibu kwamba wasiwasi ndiyo akili.

Alimaliza sekondari mwaka 1988, na Septemba 1989 akajiunga na chuo kikuu kusoma Fasihi ya Kiingereza pamoja na Elimu, ingawa baba, huku akimshonea sketi ya kwenda nayo, alimuuliza kama amesahau kwamba mshika mawili moja humponyoka. Swali hilo lilimfuata huko alikokwenda, kwa kuwa watu wa Fasihi walimwona mtu wa chaki aliyepotea njia, na watu wa Elimu walimwona mtu wa mashairi asiyeweza kuandika andalio la somo, akawa anakimbia kutoka jengo moja hadi jingine akiogopa kuchelewa kotekote.

Katika mwaka wa kwanza mhadhiri alimsimamisha asome shairi mbele ya wenzake, naye kwa hofu akavuta pumzi mwisho wa kila mstari bila kuangalia alama alizoziweka mtunzi, mhadhiri akamwambia kwamba ameikatakata sentensi ya mwenzake kama nyama buchani, darasa zima likacheka, na dada akakaa chini akiwa hana hakika kama kesho atarudi. Alikuja likizo na hofu yake hiyo, akitafuta mtu wa kusoma naye asiyeweza kumcheka, na mtu huyo nikawa mimi, maana mwenye kigugumizi amcheke nani.

Tulisoma kwenye meza ya baba ya kukatia vitambaa, sauti mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba nikisoma pamoja na mtu sikwami, naye akawa anagonga meza kwa kidole kila penye alama ya mkato, ambayo alikataa kuiita mkato, akisema pale hakuna kinachokatwa, pale mtu anapumua, akaiita kipumuo. Siku moja akanyamaza makusudi katikati ya sentensi, mimi nikaendelea peke yangu hadi kwenye nukta bila kujua, na nilipojua nilimkasirikia kwa kuniacha, yeye akasema hajaniacha, amenitangulia kunyamaza tu.

Alipopelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka 1991, msimamizi wa chuo alikaa dawati la nyuma, chaki ikamponyoka dada mara mbili, andalio la somo likamtoka kichwani lote, akabaki na kile alichokijua, akasoma pamoja na darasa zima, kisha akaipunguza sauti yake taratibu hadi wanafunzi wakabaki wanasoma wenyewe, na msimamizi aliandika kwamba kelele zilizidi, ila alama aliyompa ilikuwa ya juu kuliko za wenzake. Alihitimu Juni 1992, yote mawili yakiwa mkononi, na baba akamwomba radhi kwa niaba ya methali.

Januari 1993 aliajiriwa katika shule ya sekondari ambayo hakuihama tena, wanafunzi wakamwita Mwalimu Kipumuo, na kila muhula mpya alifika kabla geti halijafunguliwa, kama mgeni wa kazi. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpima ardhi, baada ya kutuweka roho juu asubuhi nzima akihofu kwamba bwana harusi hatakuja, kumbe shemeji alimtangulia kufika, na ndoa hiyo ilijaliwa binti, ambaye ni mwanasheria, na kijana wa kiume, fundi umeme.

Februari 2021 alianza kukohoa, ngazi za shule zikamshinda, vipimo vikaonyesha makovu kwenye mapafu, na aliyewafundisha watu mahali pa kupumua akawa anaitafuta pumzi yake mwenyewe. Alipolazwa mara ya mwisho, shangazi yetu alishauri kwamba siku ikifika binti ndiye asome maisha yake, kwa kuwa ana sauti ya mahakamani, marehemu akaitoa barakoa ya oksijeni, akasema fundi mageti atasoma, akairudisha, na hakuna aliyebisha.

Tukaanza mazoezi palepale wodini, tukisoma gazeti la siku, sauti yake ikiwa ndogo, akinyamaza katikati ya mstari, nami nisijue kama amenyamaza mwalimu au amenyamaza mgonjwa, nikitamani kuinua macho, lakini kidole chake kiligonga godoro penye kipumuo, nikaendelea. Tarehe 3 Juni 2023, saa nne asubuhi, alinyamaza, nikakisikiliza kidole, sikukisikia, nikaendelea kusoma, kwa sababu sheria yake ilikuwa kwamba huinui macho kabla ya nukta, na sentensi ile ilikuwa ndefu, nami niliogopa kuufikia mwisho wake kuliko nilivyowahi kuogopa kukwama. Nilipoufikia, nesi alikuwa amekwisha kusimama upande wa pili wa kitanda.

Ameacha mume, watoto wawili, na mimi. Tunawashukuru madaktari, na nesi yule aliyeturuhusu kusoma kwa sauti katika wodi ya watu wanaohitaji utulivu, majirani mliotuazima viti na kulala sebuleni kwetu, walimu wenzake mliomshikia vipindi bila kulalamika, na shangazi, ambaye tangu nianze namwona midomo ikimcheza, na bado hajanimalizia hata neno moja.

Dada, nimekuwa nikikisikiliza kidole chako tangu mstari wa kwanza, na nimeogopa kila penye kipumuo, lakini sijakwama, hujaniacha, umenitangulia kunyamaza tu, na sasa nimefika kwenye nukta, nainua macho, nawe uliyeitafuta pumzi kwa taabu, pumzika kwa amani.