Aliyeshuka Mpakani: Maisha ya Mzee Mihayo Jilala, 1938–1997

Ndugu, jamaa, majirani, na waheshimiwa madiwani wa pande zote mbili za kijito cha Kasubuya. Mimi ni Hosiana, binti mkubwa wa marehemu. Familia imenituma nisome maisha yake, na mama ameniomba nisipandishe sauti. Nitajitahidi.

Marehemu Mihayo Jilala alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa hapa Bulyang'ombe, mtoto wa tatu wa Mzee Jilala na Bibi Kabula. Siku hizo Kasubuya kilikuwa kijito cha kunyweshea ng'ombe tu, wala hakuna aliyejali ng'ambo ipi ni ya mkoa upi. Alichelewa kwenda shule kwa ajili ya kuchunga, akamaliza darasa la nane katika shule ya misheni mwaka 1956, tayari ana ndevu.

Mwaka 1957 aliajiriwa reli kama karani wa mizigo, kituo cha Isaka. Tarehe 14 Julai 1962 alifunga ndoa na mama yetu, Pelagia Bujiku. Alipoacha kazi mwaka 1984 alijenga ng'ambo ile, upande wa Shinyanga, kwa wakwe zake, lakini reli haikumtoka mwilini. Hakugusa chakula cha jioni mpaka asikie honi ya basi la mwisho likiingia salama, kama alivyokuwa akingoja treni. Mama akimwambia, "Baba Hosiana, basi lenyewe si lako, kula," yeye hujibu, "Lina watu wangu." Ugali wetu ulipoa miaka yote hiyo.

Mwaka 1989 alichaguliwa diwani, kisha akawa mwenyekiti wa kamati ya usafiri ya halmashauri yake. Hapa nitasema ukweli, maana yeye mwenyewe aliusema hadharani. Mwaka 1992 mabasi ya ng'ambo hii yalikuwa yanavuka alfajiri na kuzoa abiria wa stendi yetu ya ng'ambo ile, yale ya kwetu yanabaki matupu. Mzee Hozefa, mwenye mabasi Kahama, alimfuata nyumbani akalalamika: "Mzee Mihayo, mnatuua. Kila gari libaki kwao." Marehemu aliliona ni neno la haki. Alipendekeza sheria ndogo kwamba basi la ng'ambo lishushe watu darajani na kugeuza, nayo ikapita kwa makofi. Mwezi uliofuata wenzetu wa huku nao wakapitisha ya kwao, ile ile.

Tangu hapo kila abiria anashuka Kasubuya, anavuka daraja kwa miguu na mzigo kichwani, anasubiri basi la pili ambalo pengine limeshaondoka. Wachimbaji wa dhahabu wanashuka. Wajawazito na wagonjwa wanaokwenda hospitali ya Kolandoto wanashuka. Marehemu alikwenda kusimama pale darajani siku moja ya mvua mwaka 1995, akawatazama wanavyoshuka na kuvuka. Kesho yake alianza kuomba sheria yake ifutwe. Halmashauri yake ilisema, "Waanze wao." Alivuka kuja huku, akaambiwa, "Waanze wao." Miaka miwili alikwenda na kurudi na neno hilo hilo, na baadhi ya wenzake wakamwita kigeugeu. Najua mko hapa, karibuni.

Tarehe 22 Oktoba mwaka huu alihudhuria kikao cha huku, chini ya Mzee Donatus, mwenyekiti wa kamati ya upande huu. Aliposimama kujibu "waanze wao" nyingine, kiharusi kilimwangusha. Mimi nimeolewa jirani na ukumbi ule, nikaitwa mbio. Mvua ilikuwa imekata barabara kwa magari madogo, tukampakia kwenye basi la abiria. Darajani konda alisema, "Mzee, wewe tutakuvusha. Nani atatuuliza?"

Mdomo wake ulikuwa umepinda, lakini nilimsikia. "Juzi mlimvusha yule mama mwenye uchungu?"

Konda akatikisa kichwa.

"Basi nishusheni."

Tulimvusha kwenye kiti cha mbao, mvua inampiga usoni. Nililia, nikamwambia ana roho ngumu. Nilimkasirikia siku ile na bado namkasirikia. Basi la ng'ambo lilikuwa limeondoka, tukasubiri mpaka Mzee Hozefa alipopata habari, akaja mwenyewe na basi lake, akamfikisha Kolandoto huku machozi yanamtoka. Waliomuuguza tunawashukuru sana. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Novemba 1997. Jana yake alinishika mkono, akaniita mama kwa Kisukuma kama alivyozoea, akasema, "Mayu, msiniambie nipumzike mpaka basi livuke na watu wote ndani."

Alitaka kulala kando ya mama yake, kwa hiyo juzi Jumamosi ilibidi avuke tena. Mzee Donatus alitusubiri darajani, akaniambia kwa upole, "Leo gari lipite, binti yangu. Huyu ni mheshimiwa." Nilimwamkia, kisha nikakataa. Kama alikataa kuvushwa peke yake akiwa hai, nani mimi nimvushe peke yake akiwa amekufa? Jeneza likashushwa. Mzee Donatus alitangulia kulibeba, Mzee Hozefa akashika nyuma, na madiwani wa pande zote wakafuata kwenye matope, viatu mkononi. Hakuna aliyesema waanze wao.

Marehemu ameacha mjane, Mama Pelagia. Watoto wanne, yaani mimi, Cornel, Valerian na Mwanaima. Wajukuu. Na dada yake mmoja, Shangazi Sabina.

Kikao cha pamoja cha halmashauri zote mbili, cha kujadili sheria hizi za darajani, ni Jumatano ijayo. Wasifu wa namna hii huwa na mstari wake wa mwisho, mnaujua. Katika kipeperushi mlichoshika mstari huo haupo, tumeuacha kwa makusudi, na mimi sitausoma leo.

Mzee Donatus, tunakuachia wewe. Siku mtakapoamua kuzifuta, panda basi Kahama, kaa kitini hadi huku, usishuke darajani wewe wala yeyote uliye naye. Ukifika hapa kaburini, umwambie kwa mdomo wako: "Mihayo, wamevuka wote. Sasa pumzika kwa amani."