Mpite Getini

Damari, Obeid, sogeeni mnisikilize na msinikatize, wanangu, maana pumzi iliyobaki si ya kuchezea, na tangu miguu inigomee kitanda hiki kimekuwa gereza langu.

Nyumba ni ya mama yenu. Shamba la viazi hapa Uyole mgawane sawasawa, nisisikie hata kaburini kwamba mmegombania mpaka. Timu ninayoifundisha aishike Damari, ingawa ni binti. Wazee wa klabu watanuna, wanune tu, yeye ndiye aliyekimbia mlimani na vijana alfajiri wakati wao wanakunywa chai.

Sasa hili linalonisonga. Mwaka ule tulipofungwa mechi saba mfululizo, niliwaambia vijana nimetoka kwa mganga kule Makongolosi, nikawapaka majivu magotini, nikawarukisha ukuta wa uwanja wasipite getini, eti pana uchawi. Wakashinda. Wanangu, sikwenda kokote! Majivu yalikuwa ya jikoni kwa mama yenu. Nilitaka tu waache woga, lakini mchimba kisima huingia mwenyewe: tulipobeba kombe wakayashukuru majivu badala ya miguu yao, nami nikanyamaza, kwa kuwa nilipenda kuogopwa.

Halafu Kalinga, golikipa wangu. Alikataa kupakwa, akapita getini, tukafungwa siku hiyo. Wenzake wakamfukuza eti ana mkosi, na mimi niliyejua ukweli nikatazama chini. Miaka minne sasa anauza nyanya sokoni Mwanjelwa. Obeid, nenda kaniombee msamaha kwake, arudi kabla ya fainali ya Jumamosi kule Iringa. Timu inayotafuta mchawi kila ikifungwa haitajua kamwe kwamba mabeki wake hawakabi. Bingwa humbeba mwenzake siku aliyokosea. Hilo sikuwafundisha, na naona aibu.

Nawasikia vijana uani, wamekuja kupakwa majivu. Tangu asubuhi nasema wangoje kidogo. Nikiwaambia, huenda wakaingia uwanjani wakitetemeka. Nikinyamaza, nikifa watasema nguvu zao zimezikwa nami. Nimebanwa, wanangu, na aliyenibana ni mimi.

Mungu awape miguu myepesi... na mioyo isiyolaumiana. Mpendane. Mama yenu asilale njaa.

Obeid, fungua mlango, waingie wote. Damari, nishike mkono... nitajaribu mwenyewe. Sauti ikikatika, malizia wewe, binti yangu... waambie hakuna dawa... hata wakilia, waambie.