Mtoto wa Makote

Kijiwe chetu cha Newala mjini, lile benchi la ubavuni mwa ghala la korosho, hakina siri wala adabu, ila huruma kinayo. Mzee Ladislaus alifika asubuhi moja, akapokea kahawa asiinywe. Mjukuu wake Regina alikuwa ameanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na badala ya kunawiri, shingo ikamvimba, homa ikampanda. Atauliza vipi bila kumwanika mtoto? Kwa maneno tu, akamhamishia kijiji cha Makote.

— Nina jamaa yangu kule Makote. Mtoto wake kaanza zile dawa za virusi, sasa kavimba shingo. Aziache?

Benchi zima lilijua kwamba hiyo Makote ni nyumba yake mwenyewe, ya pili nyuma ya msikiti. Hakuna aliyecheka.

— Apumzike! alisema Husseni, tuliyemwita Salfa kwa kupuliza unga wa salfa, dawa ya mikorosho, mashambani mwa watu. Mkorosho ukishashika korosho, dawa unaacha. Mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu gani na mtoto anaungua homa? Erasto, Waziri wa kijiwe, alimkata. Nesi wa hospitali alitueleza: kinga ya mwili ni askari. Walikuwa hoi, dawa imewainua, wamemkuta adui mwingine, kama TB, kajificha humo siku nyingi. Shingo ndiyo uwanja wa vita!

— Basi askari wapewe likizo, Waziri. Haraka haraka haina baraka.

— Likizo katikati ya vita? We Salfa!

— Hata wiki moja tu, wale ugali washibe!

Ladislaus akaweka kikombe chini. Likizo ndiyo aliyompa Regina tangu juzi, kwa akili hizohizo za mikorosho. Kopo la dawa kalisweka juu kwenye kenchi za paa, jirani na mfuko wa salfa. Mungu wangu, kitoto kile!

Mama Zuhra, muuza vitumbua, akaja kuchukua sahani yake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

Akasikiliza kidogo.

— Na huyo mtoto wa Makote, hospitali wameiona hiyo shingo?

Waziri akatazama kikombe. Salfa akajikuna kisogo.

— Ngoja nikaulize, alisema Ladislaus, machozi yakimlenga.

— Twende na pikipiki yangu, mzee, alisema Erasto taratibu. Tukamchukue, tumpeleke sasa hivi. Na dawa zake tuzibebe.

Pikipiki ikakata kona nyuma ya msikiti. Waliobaki benchini wakageuza shingo wote, wakatazama upande wa Makote yenyewe, kama hawakuona kitu.