Mchoro wa Kufungulia Simu

Kosta ya Korogwe ilishaipita Sindeni, na mzee Koikai bado alikuwa akichora mistari kwa kidole kwenye kioo cha simu, nayo simu ikimkatalia. Mwaija, jirani yake wa kiti, hakujaliwa kuona tatizo la mtu akalinyamazia. "Mzee wangu, ukishuka mpe fundi. Dakika kumi tu ameifungua."

"Wa Handeni kasema itafunguka, ila vya ndani vyote vitafutika."

"Si vifutike? Simu si itakuwa nzima!"

"Ni simu ya marehemu mke wangu. Humo imo sauti yake, anaimba huku akikamua ng'ombe."

Mwaija akaiinamia ile simu. "Pole sana, baba. Kwani mchoro wa kufungulia hakukuonyesha?"

"Alinionyesha hospitali, mara tatu. Kila mara nikamwambia nimeshaushika, ili apumzike."

"Halafu ukausahau?"

"Kidole chake sikukiangalia, mwanangu. Nilikuwa namwangalia usoni."

Gari likasimama stendi ya Korogwe. Mwaija alikuwa na jina la fundi mwingine mdomoni, hodari kuliko wote. Akashuka nalo bila kulitaja.