Makala ya Dkt. Frida Ndahani Ambayo Haijanukuliwa

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, wahadhiri mliotoka chuoni Chimwaga, watumishi wa serikali mliotoka Mtumba, na ninyi majirani, poleni na msiba, familia imempa Luka, mdogo wake marehemu, huyu anayesimama mbele yenu, kazi ya kusoma historia hii, nayo imemwomba asilie kabla ya kuimaliza, atajitahidi.

Marehemu Frida Zablon Ndahani alizaliwa tarehe 3 Machi 1978 hapa kijijini, mtoto wa kwanza wa Mzee Zablon, aliyekwisha kututangulia, na Mama Anyesi, aliyeketi hapo mkekani. Alianza shule ya msingi mwaka 1986, na tarehe 9 Agosti 1989, Frida akiwa darasa la nne, mdogo wetu Priska, wakati huo mtoto wa miaka sita, alianguka kifafa jikoni akaangukia moto, watu wazima walikuwepo, wakasimama mbali wakirusha maji kwa kata, maana sote tulilelewa tukiambiwa kwamba anayegusa povu la mwenye kifafa naye atakipata, na aliyeingia kumvuta ni Frida. Mkono wa kulia wa Priska uliungua, vidole vikashikana, na Frida akatengewa kikombe chake mwaka mzima huku watu wakingoja naye aanguke, hakuanguka.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1996, kidato cha sita mwaka 1999, akahitimu udaktari Dar es Salaam mwaka 2005, na mwaka 2013 akapata shahada ya uzamivu ughaibuni katika sayansi ya ubongo. Tarehe 15 Septemba 2007 alifunga ndoa na Bwana Respicius, ambaye sasa ni mtumishi huko Mtumba, Mungu akawajalia Gladness na Henry. Kazi yake yote ilikuwa juu ya kifafa cha vijijini na minyoo ya nguruwe inayopanda hadi kwenye ubongo, na makala yake ya mwaka 2014 imenukuliwa na watafiti wa nchi nyingi zaidi ya mara elfu mbili, jambo ambalo wenzake wanatuambia ni heshima isiyopatikana kirahisi. Mama alipoelezwa maana ya kunukuliwa aliuliza kama hao wanaomnukuu wana mpango wa kufika hapa kwetu, marehemu akacheka sana.

Mwaka 2016 akaandika makala kwa Kiswahili, kurasa nne tu, akaiita Mshike Anayeanguka, inasema mgeuze alale ubavu, mlegezee nguo shingoni, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka azinduke, povu halina dhambi. Aliisoma hapa kanisani, akaisoma na mnadani, mkamsikiliza kwa adabu, mkampigia makofi, mkamchinjia kuku. Mpaka leo hakuna mtafiti hata mmoja aliyeinukuu, na kila mwaka alikuwa akichungulia.

Mwezi Novemba 2024 alianza kuanguka yeye mwenyewe, vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye ubongo, mahali ambapo madaktari walisita kupasua. Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025 alikwenda mnadani na Priska, Priska akaenda kumnunulia maji, aliporudi alimkuta dada yake kifudifudi vumbini, watu wamemzunguka duara, wamemrushia kanga kumsitiri, na hakuna aliyemgeuza. Aliyemgeuza ni Priska, kwa mkono huohuo ulioungua. Hewa ilikuwa imekosekana kwenye ubongo kwa muda mrefu, na tarehe 19 Juni, saa kumi alasiri, Dkt. Frida akafariki dunia. Familia imekata tamaa, ndugu zetu, na haioni haya kulisema, kwa sababu katika duara lile walikuwamo watu waliomchinjia kuku.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake, wahadhiri wenzake waliogharimia jeneza, na majirani kwa maji, kuni na kaburi, Mungu awabariki. Lakini tangu jana tunawaona mnavyotoa pole, mnamshika mkono Mama, mnamshika Respicius, mnawashika watoto, mkifika kwa Priska mnaweka kiganja kifuani na kupita. Priska bado anaanguka, na aliyekuwa akimshika anaingia udongoni sasa hivi, hatujui kesho itakuwaje.

Tukimaliza kutia udongo mtapita mbele yake, familia inaomba mumpe mkono, ule wa kulia, mumshike kama mnavyoshika wa wengine, atakayefanya hivyo atakuwa amemnukuu marehemu, na atakuwa wa kwanza.

Pumzika, Dada Frida, pumzika kwa amani kama utaweza, sisi tunasimama hapa na Priska, tunatazama mikono.