Mungu Alinitoa Maji ya Kifua

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Mimi ni Mama Feza, ninauza samaki wakavu sokoni Katuba. Leo nimesimama mbele yenu nikipumua vizuri, na hiyo peke yake inatosha kunifanya nifurahi.

Ndugu zangu, mwaka jana nilishindwa hata kubeba beseni langu. Nikilala, kifua kilibana kama mtu amenikalia. Hospitalini wakakuta maji kandokando ya pafu. Munganga wetu, mama mmoja mpole, akanichoma sindano mgongoni, akayatoa. Nikapata nafuu. Kisha maji yakarudi.

Hapo nikakata tamaa. Mama yangu alikufa kule kwetu Kilwa, ile ya kando ya ziwa, na maji ya namna hiyo, na yake yalikuwa ya kansa. Nikamwita binti yangu Solange, nikampa vitenge vyangu vyote. Akakataa huku analia. Nikamlazimisha.

Makohozi yalipimwa, hawakuona kitu. Maji yakawekwa chini ya darubini, hawakuona kitu. Munganga akaniambia:

"Mama, usijizike. Maji ya kansa na ya tuberkulozi, ile kifua kikuu, yanafananaka ku macho, lakini kila moja iko na alama yake ya jeni. Tutatuma yako ku labo, batafute ile alama."

Ndugu zangu, kungoja kulikuwa kugumu. Ninyi mlifunga, mkaniombea. Mimi niliomba ukweli ujulikane, nami nipate nguvu ya kuupokea.

Siku ya majibu munganga alitufuata, mimi na Solange, kwenye benchi la hospitali akitabasamu.

"Alama ya kansa hawakuiona, waliona ile ya tuberkulozi. Iko tuberkulozi, Mama. Iko na dawa."

Solange akanikumbatia, tukalia pale pale. Nikafuta machozi, nikamwambia, "Sasa rudisha vitenge vyangu."

"Moja nilisha kushona, Mama."

Hata munganga alicheka.

Nilimeza dawa miezi mingi bila kuacha, mpaka wakaniambia nimepona. Maji hayakurudi tena.

Ninamshukuru Mungu aliyewapa watu akili ya kutafuta ugonjwa mpaka ndani ya tone la maji. Ndugu yangu unayekohoa kwa kujificha, ukiogopa jina la ugonjwa wako, Bwana analijua tayari, wala halimshindi. Mtegemee, uende upimwe. Na kama unaogopa kwenda peke yako, nitafute pale mlangoni tukitoka. Tutaenda pamoja.